"Shukuru, wenzio wana makubwa"

Tuseme mwanamke wa Wete, Pemba, mimba imemharibikia mwezi wa nne. Wanaokuja kumpa pole hawana nia mbaya, lakini kabla uji haujapoa keshaambiwa: "Shukuru bibi, yako ilikuwa mimba tu. Wako waliopoteza watoto watatu kwa pamoja ilipozama meli ya Spice Islander." Nani atabishana na msiba wa Septemba 2011? Ananyamaza. Akija kituo cha afya, miezi imepita, analalamikia kichwa, mgongo na usingizi. Mimba haitaji mpaka aulizwe.

Sisi tunaohudumia afya ya akili twayajua sana maumivu ya namna hii. Usingizi uliopotea haurudi kwa kuwa jirani naye halali. Anachopata aliyelinganishwa ni aibu juu ya huzuni. Anaacha kusema, na matibabu yanachelewa.

Wengi hujitetea kwa hadithi ya Mtume (S.A.W.) inayotuamrisha tumtazame aliye chini yetu, si aliye juu. Ni hadithi sahihi, ila isomwe mpaka mwisho: ni ili tusizidharau neema za Mwenyezi Mungu juu yetu. Hiyo ni dawa ya kijicho, na mtu hujinywea mwenyewe. Kumnywesha aliyefikwa ni jambo jengine. Nabii Yakub alikuwa na wana wengine wengi, na bado alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe. Wanawe walipomlaumu, aliwajibu kwamba anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake. Na Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim alitokwa na machozi mbele ya masahaba.

Basi useme nini? Kidogo mno. "Pole mwenzangu. Jana ulilala?" Kisha ukae. Akilia usimzuie. Mtekee maji, mpikie, mchukulie watoto. Akisema mwenyewe "mimi nina afadhali", mwachie, ni maneno yake.

Huzuni nyingi hupungua taratibu. Lakini hamu ya kula, usingizi na raha vikimtoka karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, na kazi za nyumbani zikamshinda, mpelekeni kituo cha afya kilicho karibu. Anayesema bora afe asingojewe wiki mbili. Asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyo hiyo. Kwa walioko Unguja ipo Hospitali ya Kidongo Chekundu, ya maradhi ya akili. Wala msimwambie tu kuwa kujiua ni haramu mkaishia hapo. Hilo analijua.