"Haionyeshi kitu": ulitazama au ulisikiliza?

Imekuwa wimbo sasa. Ikitajwa filamu ya The Zone of Interest, hakosekani mtu wa kusema: "Saa moja na dakika 45 za mama anayehangaika na maua yake. Mauaji yako wapi?" Mauaji yako kwenye spika. Kama hukuyasikia, tuanze kukagua ulitazamia kwenye chombo gani.

Historia niipitie mbio. Rudolf Höss aliiongoza Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland, kuanzia Mei 1940 hadi Novemba 1943, akarudishwa Mei 1944 kusimamia mauaji ya Wayahudi wa Hungaria, akanyongwa hapohapo Aprili 1947. Yeye, mkewe Hedwig na watoto watano waliishi kwenye nyumba iliyopakana na kambi. Kamera ya mwongozaji Jonathan Glazer hubaki upande huo wa bustani. Ukuta wa kambi inauvuka mara chache mno.

Kamera zenyewe zilikuwa kama 10, zimefichwa ndani na nje ya nyumba, zote zikirekodi kwa pamoja, na mafundi wamekaa mbali. Kwa fundi sauti hiyo ni balaa: humuweki kijana na fimbo ya maiki mahali ambapo kila pembe inaonekana. Tarn Willers alilazimika kuficha maiki humo ndani, ndiyo maana unasikia viatu vya mtumishi chumba cha pili wakati picha imebaki kwa bwana mezani. Ni kama filamu mbili kwa moja: ya kwanza, ya nyumbani, ni hiyo. Ya pili, ile ya ng'ambo ya ukuta, ilijengwa baadaye kwa sauti tupu na mbunifu wa sauti Johnnie Burn, na wawili hao walichukua Oscar ya sauti mwaka 2024.

Sasa hapa ndipo ninapochemka. Watu wanadhani Burn alifungua maktaba ya vilio, akamwaga, akapandisha sauti. Jaribu uone. Kilio kilichorekodiwa studio, mdomo uko karibu na maiki, ukikipunguza tu hakiendi mbali: kinabaki kilio cha karibu kilicho kidogo. Umbali una hesabu yake. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo risasi iliyopigwa mita 170 kutoka dirishani hufika baada ya nusu sekunde. Kutoka Birkenau, sehemu kubwa zaidi ya kambi, kilomita tatu hivi kutoka hapo, kitu kingefika baada ya sekunde kama tisa. Njiani hewa inakula sauti za juu, ukuta unakula nyingine, majengo yanarudisha mwangwi. Ukikosea kimoja tu, mtazamaji anajua ni sinema, hata kama hawezi kukueleza amejuaje. Na kelele za waigizaji zina ulaini fulani wa mazoezi. Burn alizikwepa, akaenda kutafuta za watu halisi mitaani.

Mngurumo wa tanuru la kuchomea maiti ndio unaonitia shaka. Katika kazi yetu ya sauti, sauti isiyobadilika hufa: baada ya dakika chache ubongo huifuta, kama friji jikoni kwako. Hapa imeachwa ife makusudi, ili nawe uzoee kama Hedwig alivyozoea. Sawa. Lakini mtazamaji aliyezoea kabisa ndiye huyohuyo anayetoka akisema hakuna kilichotokea. Je, filamu imemnasa, au imempoteza? Hubadilika jibu langu kila ninapoitazama. Ninachoshika ni mama yake Hedwig: mgeni, masikio mapya. Anaisifia bustani mchana. Usiku anaona moto dirishani, na alfajiri ameshaondoka bila kuaga, ameacha barua. Hedwig anaisoma, anaitia jikoni motoni.

Halafu kuna lile tufaha. Usiku msichana wa Kipolandi anawafichia wafungwa matunda mahali wanapofanyia kazi. Baadaye mtoto wa Höss anacheza chumbani, na nje inasikika kwamba mfungwa amepigania tufaha. Baba anaamuru azamishwe mtoni. Hakuna picha yoyote ya hilo. Mtu aliyekuwa akijibu meseji dakika hiyo amekosa tukio zima, kisha anatuambia filamu haina hadithi.

Spika ya simu karibu haina kitu chini ya Hezi 200, kwenye sauti nzito, yaani tanuru lote limeondoka na umebaki na ndege na watoto. Vaa hedifoni zinazofunika sikio, au spika yenye besi, zima feni. Weka sauti kwenye muziki wa mwanzo, skrini ikiwa bado nyeusi (simu haijaharibika, tulia), kisha usiiguse tena, hata mazungumzo yakikuwia madogo. Ni Kijerumani, utayasoma chini ya skrini. Na nakala iliyotiwa maneno ya DJ, ile ya kibanda umiza, kwa filamu hii iache: anapopumzika muigizaji ndipo DJ anapochangamka, na hapo ndipo ng'ambo ya ukuta inaposikika.