Ctrl+C ya terminali si ya kunakili

Msimu wa korosho ukifika, fundi kompyuta hapa Mtwara hakosi kuitwa na mtu wa ghalani anayeapa kwamba programu ya kujumlisha mizani imejizima yenyewe. Haikujizima. Mtu aliingia kwenye seva kwa PuTTY, programu ya terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, akaiona jumla anayoitaka, akabonyeza Ctrl+C ainakili. Na fundi naye anamjibu, "Aa, hiyo shotikati haifanyi kazi kwenye Linux," yaani mfumo unaoendesha seva. Hapo ndipo ninapochoka. Imefanya kazi barabara, na wala si shotikati, yaani njia ya mkato ya kibodi.

Ni herufi ya udhibiti: alama isiyochapa kitu, kazi yake kumwambia mpokeaji la kufanya. Katika alama 128 za ASCII, orodha inayoipa kila herufi namba yake, ziko 33 za namna hiyo.

Kitufe cha Ctrl kilikuwa cha hesabu. C kubwa ni namba 67. Ctrl huondoa 64, inabaki 3. c ndogo ni 99. Huondolewa 96, inabaki 3 ile ile. Namba 3 maana yake ni mwisho wa matini. G kwa njia hiyo hiyo hutoa 7, ambayo kwenye Teletype, mashine za kutuma na kuchapa maandishi kwa waya, iligonga kengele ya chuma kabisa.

Sasa tofauti yenyewe. Shotikati hudakwa na programu iliyo mbele yako na kumalizwa papo hapo. Herufi ya udhibiti inasafiri. PuTTY huirusha hadi kwenye seva kama herufi nyingine yoyote, na Linux ikiipokea hiyo 3 huiamuru programu inayoendeshwa ikatishe. Hata hilo ni mpangilio tu: andika amri stty -a utaona intr = ^C, na unaweza kuweka kitufe kingine.

Mgongano ulikuja baadaye. Apple ndio walioieneza C ya kunakili, kwenye Lisa ya 1983 na Macintosh ya 1984, lakini kwa kitufe chao wenyewe. Ndiyo maana mwenye Mac hadi leo hasumbuki: Command+C inanakili, Ctrl+C inakatisha. Windows ikaihamishia kazi hiyo kwenye Ctrl, kitufe ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe.

Terminali nyingi za Linux zimesuluhisha kwa Ctrl+Shift+C, ambayo dirisha huidaka kabla haijatoka. Kwenye PuTTY hata hiyo huna haja nayo: buruta kipanya juu ya maandishi, yamekwisha nakiliwa, bonyeza kulia, yanabandikwa.

Na ukiwa na mazoea ya kuhifadhi kwa Ctrl+S, skrini ikaganda, seva haijafa. Umetuma 19, alama iliyosimamisha kisoma-utepe wa karatasi cha Teletype. Bonyeza Ctrl+Q, ambayo ni 17, maandishi yataendelea kutiririka.