Vyama vya skwea dansi ni vya nini hasa?

Watu wakisikia chama cha dansi wanawaza mashindano na makombe. Hivi vya skwea dansi na raundi dansi huko Marekani na Canada sio hivyo kabisa, hakuna jaji wala mshindi, watu wanacheza ili wakutane na wafurahi, basi.

Skwea dansi inataka watu wanane, jozi nne zimesimama kama pande nne za mraba, halafu kuna mtu wa maiki anaitwa kola, yeye ndo anataja hatua muziki ukiwa unaenda na nyinyi mnafuata, hamjui kitakachofuata ni nini kwa hiyo lazima masikio yawe wazi muda wote. Akisema do-si-do, wewe na mwenzio mnapishana bega la kulia, mnazungukana mgongo kwa mgongo bila kugeuka, mnarudi kinyumenyume mlipotoka. Raundi dansi ni jozi jozi, wote wanazunguka ukumbi upande mmoja, iwe waltz, iwe rumba, na hapo pia kuna mtu anawatajia hatua.

Sasa chama cha jimbo au kanda kinatoka wapi? Kinatoka kwenye hiyo namba nane. Wakija saba hakuna mraba, na klabu ya kamji kadogo inaweza kukwama hivyo kila wiki. Ndo maana klabu zinaungana, zinapanga kalenda ili zisigongane tarehe, zinatafuta bima, zinaandaa tamasha la pamoja, na klabu moja inaenda kuitembelea nyingine. Kuna desturi moja naipenda sana: mkienda wageni wa kutosha mnaruhusiwa kuondoka na bango la wenyeji, nao wakilitaka inabidi wafunge safari waje kucheza kwenu!

Kinachowezesha watu wasiojuana kucheza pamoja ni hatua kuwa za aina moja. CALLERLAB, umoja wa makola ulioanza 1974, umezipanga kwa madaraja, Mainstream, Plus na kuendelea, na zinatajwa kwa Kiingereza hata Ujerumani na Japani, kwa hiyo mtu wa Oregon, Marekani, akiingia ukumbini Ujerumani anacheza tu kama daraja lake ni hilo.

Wanaojifunza nao wana watu wao, wanaitwa malaika, ni wachezaji wazoefu wanaokuja darasani bila kulipwa, wanajaza nafasi za mraba na kumshika mkono anayepotea. Kwangu mimi hao ndo uti wa mgongo wa vyama hivi kuliko hata viongozi.

Shida kubwa ya vyama hivi sasa hivi ni umri. Wanachama wengi ni wazee, na kumaliza Mainstream kunachukua miezi, kijana mwenye kazi na watoto anaona muda huo hana. Ndo ikaja programu fupi ya Social Square Dancing, hatua chache zaidi, mtu anaanza kucheza na wenzake mapema, na mimi naona walitakiwa kuileta zamani sana.