Swali la Kwanza Mezani kwa Afisa Ustawi

Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliwahi kuharibu shauri kwa dakika arobaini tu. Mama mmoja alifika ofisini asubuhi, kajitanda kanga mpaka puani, akalalamika kwamba mumewe haachi hela ya kula. Nikafungua jalada, nikaandika "matunzo ya familia", nikampa barua ya wito ampelekee mwenzake. Ndiyo, nilimpa yeye mwenyewe aipeleke. Kesho yake wakaja wote wawili, nikawaketisha benchi moja, bega kwa bega, nikauliza: "Haya, tatizo nini?" Mume akajieleza vizuri sana. Mke alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na nilipomgeukia akasema, "Tumeshaelewana, afisa." Nikaandika "wamepatana", wakatia saini. Baada ya wiki tatu alirudi, mkono umefungwa hogo.

(Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.)

Nililipekua lile jalada nione nimekosea wapi. Wito upo, saini zipo, tarehe zipo. Kosa lilikuwa kwenye nadharia niliyoingia nayo mezani bila kujua kwamba ninayo: kwamba mume na mke ni watu wawili wenye uzito sawa waliokorofishana, na kazi yangu ni kuwapatanisha.

Nadharia iliyonionyesha kosa hilo ni ufeministi, yaani ile inayochunguza nguvu kati ya wanawake na wanaume. Ukiitaja kwenye semina za watumishi, nusu ya ukumbi hukunja uso. Wengine husikia kuvunja ndoa, wengine husikia mambo ya Wazungu. Kwa mtu wa ustawi wa jamii nadharia hii ni maswali kabla ya kuwa msimamo. Nani anashika hela ndani ya nyumba? Nani akikasirika wengine wote wananyamaza? Mtoto akiugua usiku, mama anaweza kumpeleka hospitali bila kuomba ruhusa? Na lile ambalo sikuwahi kufundishwa kuuliza: jambo hili ni la nyumba hii tu, au hata jirani wanalo?

Swali hilo la mwisho ndilo moyo wa ufeministi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanawake wa Marekani walikuwa wakikutana sebuleni vikundi vidogo vidogo, kila mmoja akieleza ya kwake, wakagundua kwamba kile alichodhani kila mmoja ni aibu yake peke yake kiko kwa wenzake wote. Wakafikia kauli kwamba la binafsi ni la kisiasa. Sisi tumelelewa na "mambo ya ndani yaishie ndani", na kwenye kicheni pati bibi harusi husisitiziwa uvumilivu. Sasa soma matokeo ya utafiti wa afya na demografia Tanzania wa mwaka 2015/16: wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kufanyiwa ukatili mwingine wa kimwili tangu wafikishe miaka 15, na asilimia 58 ya wanawake walikubali kwamba zipo sababu za mume kumpiga mkewe. Kwa takwimu kama hizo huwezi kukaa na mama mmoja mmoja ukichunguza ulimi wake kama ni mkali. Wakati huohuo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mila inayompa mtu haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Sheria hiyo ina zaidi ya miaka hamsini. Kicheni pati bado haijaisoma.

Wanaosema nadharia hii imeletwa na ndege huwa nawapa mkasa wa Holaria Pastory wa Kagera. Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia, akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake akaenda mahakamani, kwa kuwa mila ya Kihaya ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu ya Mwanza, chini ya Jaji Mwalusanya, ikaamua kwamba kanuni hiyo inapingana na usawa ulio kwenye Katiba. Mwenye shamba hakuhitaji kusoma nadharia yoyote ili aone ajabu ya kuambiwa lako ni lako, ila si lako.

Kesi ninayoikalia muda mrefu zaidi darasani ninapofundisha, hata hivyo, ni ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Walioana 1971, wakaachana 1980. Mahakama ya chini ilisema nyumba ni ya mume, kwa sababu Bi Hawa alikuwa mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali akiongoza, ikasema kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Wengi huishia hapo na kupiga makofi. Lakini Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu: mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, kwa hiyo mchango wake umeishia huko. Kanuni ikashinda, mama akashindwa. Nawaambia wanafunzi wakumbuke pande zote mbili.

Kesi hiyo imebadilisha hata namna ninavyojaza fomu. Kwenye nafasi ya "kazi" tulizoea kuandika "mama wa nyumbani", na baadhi yetu, Mungu atusamehe, "hana kazi". Siku hizi kwenye ripoti ya uchunguzi wa kijamii naandika anaamka saa ngapi, anachota ndoo ngapi na bomba liko umbali gani, nani anamwogesha mama mkwe aliyepooza, na mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, uliochukuliwa kwa jina lake ulilipia nini. Mara nyingi ulilipia matengenezo ya bodaboda ya mume. Siku shauri likifika kwenye kugawana mali, maelezo hayo tayari yapo kwenye jalada.

Kuna mtego kwenye usuluhishi. Kifungu cha 101 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinataka mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya ombi la talaka. Kilichosahaulika na wengi ni kwamba kifungu hichohicho kina mianya, ikiwamo pale mahakama inaporidhika kwamba zipo hali zisizo za kawaida zinazofanya kwenda barazani kusiwezekane. Penye kipigo simketishi mtu na anayempiga. Namsikiliza peke yake, wito unapelekwa na mtendaji wa mtaa, na kabla ya lolote tunapanga usalama: nakala za vyeti vya watoto, kitambulisho cha NIDA na nauli vikae kwa mtu anayemwamini. Kama amebakwa, dawa ya kuzuia VVU inapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na matibabu ya dharura hayapaswi kungoja PF3, ile fomu ya polisi.

Nadharia hii inanipima na mimi pia. Tangu Kimberlé Crenshaw, mwanasheria wa Marekani, aandike mwaka 1989 jinsi ubaguzi unavyokutana na kubanana juu ya mtu mmoja, si rahisi tena kusema "wanawake" kana kwamba ni kundi la mtu mmoja. Dada wa kazi aliyekuja kwangu bila mshahara wa miezi saba alikuwa amenyimwa na mwanamke mwenzake, msomi, mwanachama wa vikundi vyote vya kuwezeshana. Nami niliyekaa nyuma ya meza, na muhuri mkononi, nina nguvu juu ya kila anayeingia, na rahisi kuliko yote ni kumwamulia.

Yule mama wa hogo karibu nimwamulie. Nilikwisha kuwaza talaka, baraza, polisi dawati la jinsia. Nikajizuia, nikamuuliza anataka nini kianze. Akasema komeo la ndani kwenye chumba cha watoto, na meza yake ya vitumbua aliyovunjiwa. Nilishangaa, nusura nicheke. Kumbe usiku wa vurugu alikuwa anakimbilia huko, na mlango haufungi. Na bila vitumbua hana hata nauli ya kuja kwangu.

Tukaanza na komeo. Talaka aliiomba mwaka uliofuata, vyeti vyote kwenye bahasha, na nauli ikiwa ya kwake.