Kwenda Udzungwa na Watoto Wadogo: Maelezo kwa Familia za Nyanda za Juu Kusini

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,990, na imo katika mikoa ya Iringa na Morogoro. Hata hivyo, familia nyingi zinazotoka Iringa mjini huingilia upande wa Kilombero: hushuka mlima Kitonga, hupita Ruaha Mbuyuni hadi Mikumi mjini, kisha hukata kulia na kufuata barabara ya Ifakara kwa takriban kilometa 60 mpaka Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi. Wanaotoka Mbeya wanaweza pia kupanda treni ya kawaida ya TAZARA na kushuka Mang'ula. Kwa wanaopita Kitonga, mtoto anayetapika safarini apewe chakula chepesi kabla ya kuondoka na akae mahali anapoweza kuona mbele, kwa kuwa kona zile huwashinda hata watu wazima.

Tofauti na hifadhi za Ruaha na Mikumi, Udzungwa haina mizunguko ya gari, bali kila kinachoonekana huonekana kwa miguu. Kwa sababu hiyo, miguu ya mtoto ndiyo inayopaswa kupanga safari, na hapo ndipo wazazi wengi hukosea, kwa kuwa wamekwisha kuona picha za maporomoko ya Sanje na wanataka kufika huko huko. Maporomoko hayo yana urefu wa mita 170 na yanastahili sifa zake, lakini njia yake ni ya mwinuko mkali na humchukua mtu mzima takriban saa nne kwenda na kurudi. Kwa maoni yetu, mtoto wa chini ya miaka saba hana sababu ya kupandishwa huko. Ipo njia fupi ya maporomoko ya Prince Bernhard, yenye urefu wa kilometa moja hivi, ambayo inamtosha mtoto wa miaka minne au mitano na kumwachia nguvu za kurudi. Mtoto asiyetembea vizuri abebwe mgongoni kwa mbeleko iliyofungwa barabara, wala si mikononi, ili mbebaji awe na mikono mitupu pale penye utelezi.

Katika mwendo huo mfupi yapo mengi ya kutazama, mradi mzazi asiwe na haraka. Msitu huu hupanda bila kukatika kutoka takriban mita 250 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,000, na ndiyo maana una wanyama wasiopatikana kwingine. Mtoto wa Iringa atafurahi kuambiwa kwamba yupo mbega mwekundu anayeitwa mbega wa Iringa, na kwamba mangabei wa Sanje, aina ya kima, hakujulikana kwa wanasayansi mpaka mwaka 1979. Hata hivyo, mtoto mdogo huvutwa zaidi na kilicho karibu na macho yake. Tumeona mara nyingi mbega wakiruka juu ya vichwa vya watu huku mtoto amechuchumaa kando ya gogo lililooza, akimgusa jongoo kwa kijiti ili ajikunje, kisha akisubiri kwa subira ya ajabu mpaka ajikunjue. Mwacheni atazame, ila asimshike kwa mkono na kujifikicha macho, kwa sababu majimaji ya jongoo huwasha.

Mtoto avae suruali ndefu, soksi na viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza, kwani siafu hawabagui umri. Asiruhusiwe kuwapa nyani chakula, na akiwa na mafua makali ni heri safari iahirishwe, maana nyani na mbega huambukizwa maradhi yetu. Tembo na nyati wamo pia, hivyo tembeeni na mwongozaji. Wakati mzuri ni Juni hadi Oktoba, na likizo ya Juni huangukia humo. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi liko nje ya msitu. Mtoto aliyekulia Makete, Njombe au Iringa mjini, ambako baridi hupunguza mbu, hana kinga ya malaria kama aliyonayo mtoto wa Kilombero. Akilala Mang'ula, hata usiku mmoja, anahitaji chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu tangu jioni. Kabla ya safari, mwulizeni daktari kuhusu dawa za kinga, kwa kuwa dozi hutegemea uzito wa mtoto. Dalili za malaria kwa kawaida hujitokeza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, yaani wakati familia imekwisha kurudi nyumbani na kusahau safari, na mhudumu wa zahanati ya baridini anaweza kuidhania homa hiyo kuwa mafua. Mtoto akipata homa wakati wowote katika wiki zinazofuata, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na mzazi aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba mtoto alilala Kilombero na anahitaji kupimwa malaria.