"CT iko safi" haimaanishi mishipa iko salama

Mtu kaanguka degedege, kapigwa CT, kaambiwa kichwa kiko safi. Ukimwelekeza MRI anashangaa: "Si walishaangalia?" Hawakuangalia mishipa midogo yenye kasoro. CT ya dharura hutafuta damu mbichi na uvimbe mkubwa. Kavernoma (kifundo cha vijishipa vya damu vyenye kuta dhaifu) ya milimita 5 ambayo haijavuja karibuni wala haina chokaa huwa na kijivu kilekile cha ubongo unaoizunguka. Hata kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa) mara nyingi haiifichui, kwa sababu damu ndani yake hutambaa tu.

Kinachoiumbua ni chuma. Kavernoma huvuja kidogo kidogo; damu ikivunjika huacha hemosiderini (mabaki yenye chuma) pembezoni, na chuma chake huvuruga sumaku ya MRI. Kwenye T2 (aina mojawapo ya picha za MRI) utaona kitu kama punje ya bisi yenye ukingo mweusi. Zile ndogo kabisa, aina ya 4 katika uainishaji wa Zabramski, hujitokeza kwenye SWI au T2* (picha za MRI zinazonasa chuma) peke yake, kama kidoa cheusi. Kwa hiyo fomu iliyoandikwa "MRI ya ubongo" basi, haitoshi. Andika SWI, au T2* kama mashine ni ya zamani. Mashine ya Tesla 0.3 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) inaweza kuzipita hizo ndogo. Tafuta ya 1.5 au 3.

Na jamani, ukubwa usipimwe kwenye SWI! Weusi pale hutanuka kupita kidonda chenyewe. Pima kwenye T1 au T2 ya kawaida. La sivyo utalinganisha picha ya Tesla 1.5 na ya 3 useme kavernoma imekua, kumbe kilichokua ni sumaku.

Wengine husema: "Angiografia ya katheta (picha ya mishipa kwa dawa inayopitishwa kwenye mrija) haikosi kitu." Kavernoma huikosa, maana kavernoma hailishwi na ateri kubwa. Hata AVM (ateri na vena zilizounganika moja kwa moja) yenye kitovu cha chini ya sentimita 1, ambayo kwa kawaida angiografia huikamata, yaweza kubanwa na damu iliyoganda. Ikitoka tupu baada ya kuvuja damu kusikoeleweka, irudiwe damu ikishafyonzwa, yaani baada ya miezi 2 au 3 hivi.

Wengine husema: "Mshipa wenye kasoro lazima utolewe." Telanjiektasia ya kapilari (vijishipa vidogo vilivyotanuka) kwenye ponsi, sehemu ya shina la ubongo, huachwa ilivyo. DVA, zile vena zilizokusanyika kama vijiti vya mwavuli, ndiyo njia ya damu kutoka kwenye ubongo wenye afya. Ikikatwa, eneo hilo huvimba na hata kufa. Chunguza tu kama pembeni yake kuna kavernoma, kwani mara nyingi hukaa pamoja. Upasuaji ukihitajika, hutolewa kavernoma, vena inabaki.