Kwa nini mashabiki wa Game of Thrones walikasirika kabla ya kuuona mwisho?

Jumapili ya Mei 19, 2019, kituo cha HBO cha Marekani kilionyesha sehemu ya 73 ya tamthilia ya Game of Thrones, ya mwisho kabisa. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa tayari Jumatatu, saa kumi alfajiri. Wenye king'amuzi waliamka gizani, sisi wengine tukasubiri ifike kwenye flashi. Malkia Daenerys alichomwa kisu na Jon Snow, mwanamume aliyempenda. Joka lake likakiyeyusha kiti cha enzi kwa moto, na ufalme akapewa Bran Stark, kijana wa kiti cha magurudumu ambaye hakuonekana hata kuutaka. Watu walikasirika, na wapo ambao hasira zao hazijapoa hadi leo.

Kwa miaka kadhaa, nikiulizwa sababu, nilikuwa na jibu moja na nililitoa bila kusita: mapenzi. Niliamini watu walikuwa wamewapenda wahusika wale kama jamaa zao, kisha wakaona wakifa au wakiharibika. Nilikuwa hata na kithibitisho changu. Mwaka 2018 pekee, zaidi ya wasichana 500 nchini Marekani walisajiliwa kwa jina Khaleesi, cheo cha Daenerys. Mzazi aliyempa bintiye jina hilo, halafu mwaka uliofuata akamwona Khaleesi akiwateketeza watoto barabarani, angekosaje kukasirika?

Nilikosea, na ushahidi umo kwenye kalenda. Ombi la mtandaoni lililotaka msimu wa nane utengenezwe upya na waandishi wanaoiweza kazi lilivuka sahihi milioni moja kabla ya Mei 19. Yaani watu zaidi ya milioni walikuwa wameshaukataa msimu ule wakati Daenerys angali hai, kiti cha enzi kingali kimesimama na Bran hana taji. Sahihi ziliruka baada ya sehemu ya tano, iliyoonyeshwa Mei 12. Ndani yake kengele za mji wa King's Landing zinalia kuashiria kujisalimisha, naye Daenerys anauchoma mji hata hivyo. Hasira tunayoiita ya mwisho mbaya ilitangulia mwisho wenyewe.

Tena, tuyatazame mauti. Juni 2011, Ned Stark, baba yake Bran, ambaye sura yake ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango ya kuitangaza tamthilia, alikatwa kichwa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Juni 2, 2013, mwanawe Robb aliuawa katika karamu ya harusi pamoja na mkewe mjamzito na mama yake mzazi. Watazamaji walipiga mayowe, wengine wakazima televisheni. Lakini kwenye tovuti ya IMDb, ambako watazamaji hutoa alama, sehemu hiyo ya harusi imekaa kwenye 9.9 kati ya 10, na ile ya mwisho imekwama karibu na 4. Hadhira iliyoipenda harusi ile haiwezi kuambiwa kwamba haivumilii huzuni. Kama kuuawa kwa vipenzi vyao ndiko kulikowakera, wangeikimbia tamthilia hii miaka sita mapema.

Wapo pia wanaosema mashabiki walinuna kwa sababu nadharia zao hazikutimia. Hilo nalo halisimami. Nadharia kubwa kuliko zote, ile ya wazazi wa Jon, ilitimia barabara Juni 2016, na wasomaji wa vitabu walikuwa wameikisia miaka mingi kabla.

Historia nyingine ni fupi. George R. R. Martin alitoa kitabu cha kwanza cha hadithi hii mwaka 1996. David Benioff na D. B. Weiss wakakigeuza tamthilia iliyoanza Aprili 2011. Kitabu cha tano kikatoka Julai mwaka huohuo, na baada ya hapo tamthilia ikavipita vitabu. Martin alikuwa amewadokeza wale wawili mambo makuu ya mwisho wake, likiwemo la Bran. Waendako walipajua. Njia ya kufika huko ndiyo waliyopaswa kuichonga wenyewe.

Sasa tuje kwenye kiini. Sijapata chombo bora cha kukieleza kuliko kile tulicholelewa nacho.

Kitendawili! Tega. Kuku wangu katagia miibani.

Mtoto anayekisikia mara ya kwanza anaanza kumtafuta kuku. Anapita kwenye michongoma yote anayoijua. Akishindwa, anatoa mji, mtegaji anautembelea mji wake, halafu anataja jibu: nanasi. Tazama linalotokea kichwani mwa mtoto yule wakati huo. Akili inageuka nyuma. Kumbe miiba ni yale majani, yai ni lile tunda lililoketi katikati yake, na kuku ni mmea wenyewe. Kila neno alilolisikia linabadilika maana, na hakuna linalobaki bila kazi. Hakuweza kukitegua, lakini jibu likishatajwa anaona kwamba alikuwa nalo mbele ya macho tangu mwanzo. Utamu wa kitendawili umo hapo, katika kushangaa na kukubali kwa wakati mmoja.

Chukua basi mtegaji mwingine. Ameshapewa Mombasa nzima, amekaa kitako, anasema: jibu ni dafu. Watoto watapiga kelele hadi majirani watoke. Si kwamba wana ugomvi na dafu, maana dafu ni tamu na kila mtu analipenda. Wanataka kujua miiba imekwenda wapi, na kuku naye vipi. Kelele zitakuwa kubwa zaidi kwa yule aliyefikiri muda mrefu zaidi, kwa sababu yeye ndiye aliyeibeba miiba ile kichwani akiamini ina kazi.

Game of Thrones kilikuwa kitendawili cha miaka minane, na hata mlango wa kuingilia ulikuwa kitendawili. Benioff na Weiss walipokutana na Martin kwa chakula cha mchana kumwomba ruhusa ya kutumia vitabu vyake, aliwauliza: mama yake Jon Snow ni nani? Walilijua jibu, na ruhusa wakapata.

Kifo cha Ned kilikuwa nanasi. Alikuwa mtu wa heshima mno katika mji usio na heshima, alimfichulia adui yake siri aliyoigundua, akamwamini mtu aliyemwonya kinywani mwake mwenyewe asimwamini. Robb naye alivunja ahadi ya kuoa katika ukoo wa mzee mwenye kinyongo, halafu akaenda kula nyumbani kwa mzee huyohuyo. Unalia, kisha unarudi nyuma, unakuta kila kitu kilikuwa kimesemwa.

Kwa Daenerys mambo ni magumu zaidi, na wanaoitetea tamthilia wana hoja. Dalili zilikuwepo. Aliwasulubisha mabwana 163 wa watumwa katika mji wa Meereen. Katika msimu wa saba aliwachoma moto baba na mwana wa ukoo wa Tarly kwa kukataa kumpigia magoti. Inawezekana kabisa kwamba kuchoma mji ndilo jibu sahihi la kitendawili chake. Lakini safari ya kutoka mwanamke aliyewaadhibu wenye watumwa hadi mwanamke anayewachoma watu wa kawaida waliokwisha kusalimu amri ilibanwa ndani ya sehemu mbili tatu. Misimu sita ya kwanza ilikuwa na sehemu kumi kila mmoja, wa saba ukawa na saba, wa nane sita. Benioff na Weiss wamewahi kusema wenyewe kwamba HBO ingefurahi kuendelea. Jibu likabaki nanasi, ila mtegaji alikuwa ametamka "kuku wangu katagia" tu, akanyamaza.

Hata safari za kawaida zilipoteza uzito wake. Katika sehemu ya kwanza kabisa, msafara wa mfalme ulichukua mwezi mzima kufika Winterfell, ngome ya akina Stark kaskazini. Kufikia msimu wa saba, kunguru anaruka kutoka kaskazini ya mbali hadi kisiwa cha Daenerys, naye anawahi kurudi na majoka yake kuokoa watu waliozingirwa juu ya barafu, kana kwamba ni kutoka mtaa huu kwenda wa pili.

Mfalme wa Usiku, ambaye jeshi lake la wafu lilifungua tamthilia tangu tukio la kwanza, aliuawa na Arya, dada yake Bran, katika sehemu ya tatu ya msimu wa nane. Wafuasi wake walikuwa wakipanga viungo vya maiti kwa umbo la kizingo cha konokono. Tuliambiwa ni ujumbe, basi. Siri ya wazazi wa Jon, iliyomfanya mrithi halali wa kiti cha enzi, ilimtia Daenerys wasiwasi, kisha wakuu walipoketi kumchagua mfalme hakuna aliyeitaja. Na Bran, mfalme mwenyewe, hakuonekana hata mara moja katika msimu mzima wa tano. Simlaumu Bran. Huenda kwenye vitabu atakuwa nanasi tamu kuliko yote, ila kwenye tamthilia alifika akiwa dafu.

Swali linalobaki ni kwa nini sehemu chache zitie uchungu miaka yote ya nyuma. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake walichapisha jaribio ambalo kila nikilisoma linanisisimua. Watu 32 walitumbukiza mkono katika maji ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine wakafanya vilevile, kisha wakaongezewa sekunde 30 ambamo maji yalipashwa taratibu hadi nyuzi 15, bado baridi ya kuuma. Walipoulizwa wangerudia lipi, 22 walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa kuwa liliisha vizuri kidogo. Mwaka 2001 Ed Diener na wenzake wakawasomesha watu maisha ya mwanamke wa kubuni, na kwa wastani waliyaona maisha mazuri yaliyokatika ghafla kuwa bora kuliko yaleyale yakiongezewa miaka mitano ya raha ya kadiri. Mwisho hupewa uzito kuliko urefu wake.

Hata hivyo, mkono ndani ya maji si tamthilia ya misimu minane, na mwanamke wa karatasi moja si Daenerys. Majaribio hayo yanapima alama ambayo mtu anaipa hisia yake. Kitendawili kinagusa maana yenyewe ya yaliyotangulia, ndiyo sababu mimi nakiegemea zaidi.

Tahadhari nyingine ni ya hesabu. Ombi lile lilipita sahihi milioni moja na nusu, lakini yeyote mwenye simu aliweza kutia sahihi, na wanaotoa alama IMDb hujichagua wenyewe. Usiku ule watazamaji milioni 19.3 nchini Marekani pekee waliitazama sehemu ya mwisho, rekodi kwa HBO, na Septemba mwaka huo Game of Thrones ikatwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia bora. Takwimu za ombi zinatuambia hasira ilikuwa kali kiasi gani. Hazituambii ilienea kwa watazamaji wangapi.

Agosti 21, 2022, HBO ilianza kuonyesha House of the Dragon, hadithi ya mababu wa Daenerys, na karibu watu milioni 10 wakaitazama Marekani usiku wa kwanza. Imetokana na kitabu ambacho Martin alikitoa mwaka 2018, na vita vyake vimesimuliwa humo hadi tamati. Kitabu cha sita cha hadithi ile ya kwanza bado hakijatoka. Wanaokisubiri wameshamwona mtu akikabidhiwa ufalme, na bado wanataka kusoma alivyofika pale.